Mate ya Mama Kijino

Mama Kijino alipofika nyumbani kutoka kiwandani alikuta kikombe chake kimeshatengwa. Kilikuwa peke yake juu ya ukingo wa dirisha la jikoni, kishikio kimefungwa uzi mwekundu, na uzi wenyewe ulikuwa wake, aliuleta kurekebishia vigauni vya mtoto. Pembeni palikuwa na sahani moja na kijiko kimoja, navyo vimefungwa uzi. Mama mkwe alikuwa amesimama jikoni, sufuria ya maji inatokota mbele yake, anachovya vikombe vingine vyote kimoja kimoja.

"Za kutwa, Mama?"

"Nzuri. Mtoto usimguse."

Kijino alikuwa ameshamwona mama yake. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na jina hilo alilipata kwa sababu ya jino moja la mbele lililotangulia wenzake kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kucheka. Alikuja akiyumba, mikono juu. Bibi yake akamdaka njiani, akamweka kiunoni.

"Mama, kuna nini?"

"Unaniuliza mimi? Mwenzako mnayeshona naye kapita hapa mchana, kanieleza yote. Mmetemeshwa mate, ya kwako yamekutwa na kifua kikuu. Ulikuwa unangoja nini kutuambia? Tufe kwanza?"

"Sina kifua kikuu, Mama."

"Mate yanasema unacho."

"Mate hayakusema hivyo."

"Basi wewe na mate yako kaeni mkubaliane kwanza," alisema mama mkwe, akarudi kwenye sufuria yake.

Hebu tuyaangalie hayo mate, maana watu wengi wameyasema na wachache wameyaelewa. Watu wa afya walikuja kiwandani na kipimo kipya. Hakuna sindano, hakuna damu, unatema tu kwenye kichupa. Walisema wanatafuta waliowahi kukutana na vijidudu vya kifua kikuu bila wenyewe kujua, na wakaahidi kwamba majibu ni siri. Siri! Siku ya majibu kijana mmoja mwenye glavu alisimama mlangoni mwa ukumbi wa cherehani, akanyoosha kidole: wewe, wewe na wewe bakini, wengine rudini kazini. Sasa hapo imebaki siri gani, jamani? Ukumbi mzima uligeuza shingo.

Nesi waliyekuja naye, mama wa makamo asiye na papara, ndiye aliyewakalisha wale watatu nyuma ya marobota ya vitambaa akawaeleza. "Kilichoonekana kwenye mate yenu si ugonjwa. Ni kingamwili, askari wa mwili. Vijidudu viliingia siku moja, askari wakavikamata wakavifungia. Vimelala. Mradi vimelala, wewe si mgonjwa na humwambukizi mtu yeyote, si kwa kikombe, si kwa kumbusu, si kwa mate." Akawapeleka kliniki wakapigwa picha za kifua. Ya Mama Kijino ilitoka safi. Akaambiwa atapewa dawa za kinga ili vilivyolala visije vikaamka, ila kwa sasa zimekwisha, arudi zikiletwa.

Mambo yangeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mule kiwandani kila mshonaji hulainisha ncha ya uzi kwa ulimi kabla ya kuupitisha kwenye tundu la sindano. Ndivyo walivyofundishwa, na msimamizi alikuwa akiwaona wakifanya hivyo miaka yote. Siku hiyo ndipo alipogundua kuwa wana ndimi.

"Mnalamba uzi," alimwambia Mama Kijino aliporudi kutoka kliniki. Alikuwa amesimama mbali, upande wa pili wa mashine. "Hizi ni sare za watoto wa shule. Mzazi akisikia nitamwambia nini?"

"Mwambie nesi amesema siambukizi."

"Nesi hanunui sare, mama. Nenda kapumzike. Ukiniletea cheti kwamba mate yako yamekuwa safi, mashine yako ipo."

"Hizo kingamwili hazitoki. Hata nikimeza dawa zote za kinga, askari wanaweza kubaki mwilini miaka."

"Basi na wewe utabaki nyumbani."

Wenzake walikuwa wanasikia kila neno. Hakuna aliyeinua kichwa. Yule wa mashine ya jirani, waliyekuwa wakiazimana sindano kila siku, alikuwa anafuta meza ya Mama Kijino kwa spiriti, anafuta na kurudia, na ndiye huyohuyo aliyetumia muda wake wa chakula kwenda kumpasha habari mama mkwe.

Baba Kijino ni fundi bomba. Atazamisha mkono mpaka begani kwenye mtaro wa choo cha mtu asikunje uso, lakini mbele ya mama yake mzazi ulimi wake hugeuka ubao. Jioni hiyo alimsikiliza mkewe mwanzo mpaka mwisho, amekaa kwenye ukingo wa kitanda anavua viatu vilivyolowa.

"Mimi nakuelewa," alisema.

"Basi kamwambie mama yako."

"Ana hofu tu. Alimzika dada yake kwa ugonjwa huohuo. Tumvumilie kidogo."

"Ananifungia uzi, Baba Kijino! Kama kuku wa sokoni, nisije nikachanganyika na wa watu!"

"Ni kikombe tu, mke wangu."

"Na mtoto? Amesema Kijino atalala naye chumbani kwake. Mtoto ninayemnyonyesha mimi!"

Baba Kijino aliviangalia viatu vyake kwa makini, utadhani ndivyo vilivyoulizwa. "Kwa muda tu, mpaka mambo yatulie. Si ni bibi yake? Atamla?"

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Jambo hilo halikuwa likisemwa, lakini kila mtu alilijua, na Mama Kijino alilijua zaidi sasa ambapo hakuwa na kazi. Alinyamaza. Alimbeba mwanawe mpaka mlango wa chumba cha pili, akamkabidhi, akarudi kitandani na maziwa yamejaa kifuani yanamuuma. Alijichukia kwa kunyamaza kule kuliko alivyomchukia mtu yeyote.

Mama mkwe alikuwa na kikohozi. Kila mtu pale nyumbani alikizoea, ndiyo maana hakuna aliyekisikia tena. Alianza nacho tangu mvua zilizopita. Yeye alikiita kikohozi cha moshi, mwanawe alikiita cha uzee, na nguo zake zilipoanza kumpwaya alisema mtu mzima hapaswi kunenepa. Ukimdadisi anakwambia, "Mimi nimeanza kukohoa wewe hujazaliwa." Basi, hapo utasema nini? Mkubwa hakosolewi.

Chumbani kwake alifunga dirisha, akaziba nyufa kwa matambara, ili kifua cha mkamwana kisije kikapenya kikamfuata mtoto. Humo ndimo alimomlaza Kijino, ubavuni pake, chini ya blanketi moja. Asubuhi alimkalisha mapajani, akaonja uji wake kwa kijiko kilekile, akaupuliza upoe, akakohoa, akamlisha. Vikombe vinachemshwa jikoni! Nyani haoni kundule, waliosema walisema.

Majirani walikuja kutoa pole. Hawakumpa pole Mama Kijino. Walimpa mama mkwe, kwa mzigo uliomfika. Walikaa karibu na mlango. Mama Kijino akileta maji, wote walikuwa wameshakunywa huko watokako, sasa hivi tu, asante. Mmoja alimwuliza mama mkwe kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, kama kweli huyo mwanamke bado anapikia watu. Mama mkwe akamwambia aaa, jiko analishika mwenyewe, huyo amemwachia kufagia na kufua. Mama Kijino alikuwa amesimama palepale na trei mkononi.

Siku moja alijaribu. Alimkuta mama mkwe ameshika nguzo ya uani, anakohoa mpaka magoti yanapinda, kitambaa mdomoni.

"Mama, twende wote kliniki. Hicho kikohozi kimekuwa kirefu. Ukapimwe tu."

Mama mkwe alikikunja kitambaa haraka, akakiingiza kifuani mwa gauni. "Unatafuta mwenzio wa kufungwa uzi, eti?"

"Natafuta uzima wako."

"Uzima wangu ninao. Tafuta wako."

Kisha Kijino akaanza kukataa uji. Jioni mwili wake ulipata joto, asubuhi shingo imelowa jasho. Ile mikono yake yenye mikunjo ya unono ikawa laini, ngozi inacheza. Kikaja kikohozi, kidogo, kikavu, hakiishi. Mama mkwe akatangaza nyumba nzima, na ua mzima ukasikia: "Mnaona? Si nilisema? Ni yale maziwa ya mama yake!"

Hapo Mama Kijino alichemka. Aliacha nguo kwenye beseni, akaingia chumba cha pili bila kubisha hodi, povu linamchuruzika viwikoni.

"Nipe mwanangu."

"Utamuua huyu."

"Nipe mwanangu, Mama, kabla sijasahau kwamba nakuita mama."

Alimfunga mgongoni akatoka, mguu mmoja kandambili yake, mwingine ya mumewe. Baba Kijino aliwakuta wameshafika njia kuu, akawafuata nyuma, spana bado iko mfukoni.

Kliniki walimkuta nesi yuleyule. Alimpima mtoto uzito, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akawapeleka kwa daktari, mtoto akapigwa picha. Nesi ndiye aliyerudi kuwakalisha kwenye chumba kidogo akafunga mlango.

"Mtoto ana kifua kikuu," alisema.

Baba Kijino alishika ukuta.

"Kinatibika. Mmemleta mapema, na dawa zake za matibabu zipo. Akizimaliza zote atapona. Lakini nina swali. Nyumbani nani anakohoa?"

Mama Kijino alimtazama mumewe. Mama ni wake, aseme yeye. Baba Kijino alikuwa anasoma bango la kunawa mikono.

"Si mimi?" aliuliza Mama Kijino. Watu wakikwambia kitu kila siku, utajibishana nao mchana, lakini ukiwa peke yako unaanza kujiuliza. "Niambie kweli, dada yangu. Si mimi niliyempa?"

"Unakohoa wewe?"

"Hapana."

"Picha yako ilikuwa safi. Nilikwambia, vilivyolala haviendi kwa mtu. Kifua kikuu hakikai kwenye kikombe, kinakaa hewani, kinatoka kwa mtu mgonjwa anayekohoa. Huyu mtoto amevuta hewa ya mtu wa karibu sana, chumba kimoja. Na huenda wewe nawe ulivipata kwa mtu huyohuyo. Ndiyo maana nauliza tena, nani anakohoa?"

"Mama mkwe wangu. Tangu mvua. Na mtoto analala naye. Walimtoa kwangu wakampeleka kwake, eti asiambukizwe."

Nesi aliweka kalamu chini. Alimgeukia Baba Kijino. "Baba, umesikia? Mtoto asilale tena chumba kile, kuanzia leo. Kesho asubuhi mama yako aje tumpime makohozi."

"Nimesikia," alisema Baba Kijino.

Nje, karibu na bomba la maji, alimshika mkewe mkono.

"Mama hataweza kulibeba hili."

"Lipi?"

"Kwamba ni yeye. Mjukuu wake mwenyewe! Litammaliza. Nakuomba kitu kimoja, mke wangu. Tuseme kimetoka kwako. Wewe watu wameshakuzoea hivyo. Hutapoteza kitu kingine."

Mama Kijino alidhani masikio yamemdanganya. "Rudia."

Akarudia. Alirudia polepole, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Na mama yako atatibiwaje," aliuliza Mama Kijino, "kwa ugonjwa nilio nao mimi?"

"Tutatafuta namna," alisema Baba Kijino.

Walipofika nyumbani walimkuta baba mdogo sebuleni. Mama mkwe alikuwa amemwita, na walipokuwa kliniki mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Baba mdogo ni mzee wa maneno laini, wale ambao wakikutoa nje ya nyumba unajikuta unawashukuru.

"Mkamwana, keti. Hatukufukuzi, usije ukaelewa vibaya. Nenda kwenu ukapumzike, ukipona tutakuja kukuchukua kwa heshima zote. Mtoto atabaki. Hapa ndipo kwao."

"Mtoto ana kifua kikuu, Baba mdogo. Tumetoka kupima sasa hivi."

Mama mkwe alijipiga paja. "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

"Hakukipata kwangu. Nesi amesema amekipata kwa mtu anayekohoa, anayelala naye chumba kimoja. Mwulizeni mwanenu, alikuwepo."

Wote wakamgeukia fundi bomba. Baba mdogo aliuliza taratibu, "Mwanangu, ni kweli?"

Mama Kijino alimtazama mumewe. Haki ya Mungu, kama angesema neno moja tu wakati ule, "kweli", angemsamehe yale ya bombani na mengine ya nyuma yake. Baba Kijino alijikuna shingo.

"Kulikuwa na kelele nyingi kule," alisema. "Mimi sikusikia vizuri."

Mama Kijino alisimama, mtoto mgongoni.

"Haya. Mimi nilisikia vizuri, kwa hiyo nitasema mimi. Kikombe changu mmekitenga. Vijiko mmevichemsha, mngepata sufuria kubwa mngenichemsha na mimi. Muda wote huo mtu anayekohoa kamfungia mwanangu chumbani, kaziba dirisha, anampulizia usoni! Na hakuna aliyemwuliza kitu kwa sababu yeye ni mkubwa. Mimi mmenihukumu siku ileile, kwa sababu mimi ni wa kuja. Mficha maradhi kilio humfichua. Mnajua kilio kilikuwa cha nani? Cha Kijino! Mlikuwa mnanipeleka kwetu ili mje mniite kwenye maziko ya mwanangu!"

"Unamsema nani?" aliuliza baba mdogo.

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umekamata kifua cha gauni pale anapofichaga kitambaa. Baba mdogo, aliyekaa naye ubavu kwa ubavu, alisogeza kiti chake. Alikisogeza kidogo sana, bila kelele, lakini mama mkwe alikiona kinasogea. Alimwangalia shemeji yake, akakiangalia kiti, uso wake ukazeeka papo hapo.

"Usikimbie, Baba mdogo," alisema Mama Kijino. "Fungua dirisha, inatosha. Mimi kwetu siendi. Mtoto haendi popote bila mimi. Kesho asubuhi nampeleka akaanze dawa. Mama, na wewe dawa zako ziko mlango huohuo. Ukitaka, tutaongozana. Usipotaka, humgusi tena, na hilo sitamwomba mtu ruhusa."

Aliingia chumbani na mwanawe, akafunga mlango. Baba Kijino hakuambiwa alale wapi. Alijinyoosha sebuleni mwenyewe.

Asubuhi Mama Kijino alimkuta mama mkwe amesimama nje, amevaa gauni lake la kwendea harusini, mtandio umefunika pua na mdomo. Hawakusalimiana. Mama Kijino alitangulia, yule mwingine akafuata nyuma, wakifika pa kuvuka barabara mmoja anamngoja mwenzake bila kumtazama. Hasira ilikuwa bado ipo yote, na Mama Kijino hakuwa na haja ya kuipunguza.

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa. Nusu ya waliokaa walikuwa ni walewale waliokuja kutoa pole. Waliwaona wakifika, wakabanana upande mmoja kuwaachia nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika. Mlango ukafunguliwa, akatoka yule kijana mwenye glavu, sauti yake ileile ya kiwandani.

"Wa kifua kikuu! Mgonjwa ni nani hapa?"

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Kijino. Hakuna hata kimoja kilichokosea njia.

Mama mkwe naye alimtazama. Macho yalikuwa yanaomba, na Mama Kijino alielewa yanaomba nini, kwa sababu ni kitu ambacho mkamwana yeyote angefanya kwa mkubwa wake bila kuombwa. Anyanyue mkono tu. Watu wameshamzoea hivyo. Alimweka Kijino vizuri mapajani, akatazama mbele, akanyamaza.

"Nauliza mgonjwa ni nani? Nina foleni mimi!"

"Mimi," alisema mama mkwe.

"Nani? Ongeza sauti, bibi."

Mama mkwe alinyanyuka. Alishika mtandio usoni kwa mkono mmoja, mwingine akaushikiza ukutani. "Mimi, mwanangu. Nakohoa tangu mvua. Damu nimeiona kwenye kitambaa nikaficha, niliogopa nisifanywe kama nilivyomfanya huyu. Na mtoto huyu, nimemwambukiza mimi."

Yule kijana alishusha sauti. Alimwangalia bibi, akamwangalia mtoto, kisha akamgeukia Mama Kijino.

"Na wewe, mama? Wewe ndiye wa tatu?"

"Mimi mzima," alisema Mama Kijino, na aliisema ifike mpaka mwisho wa benchi. "Hawa ndio wagonjwa wangu."